Vichwa na baruti za .300 Winchester Magnum: nianze kuchagua kipi?

Mkanda300

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada wa wanaojaza risasi wenyewe, hasa za magnum (zenye ganda kubwa na baruti nyingi).

Bunduki ni .300 Winchester Magnum ya bolti, mtutu inchi 26, mifereji inazunguka mara 1 kwa kila inchi 10. Kazi ni wanyama kuanzia swala wakubwa hadi pofu, umbali wa mita 30 hadi 300. Presi, dai (kalibu ya kurudishia ganda umbo lake), mizani na kalipa ninazo. Maswali yangu:

1. Nina vichwa (kile kipande cha risasi kinachoruka) vya aina mbili, vyote greini 180 (gramu 11.7 hivi). Vya kwanza ni vya kawaida, koti la shaba na kiini cha madini ya risasi ambacho hakijaunganishwa na koti. Vya pili ni shaba tupu. Uzito ukiwa mmoja, kipimo cha baruti si kimoja?

2. Nina makopo matatu ya baruti: H4831SC, IMR 4831 na H1000. Hizo 4831 mbili ni kitu kimoja?

3. Fataki (kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) za magnum ni lazima?

4. Teke. Nataka risasi za mazoezi zisizoumiza bega. Nimefikiria kujaza H1000 nusu ya ganda. Kuna ubaya?

5. Maganda yakishajazwa mara tatu au nne yanaonyesha mstari unaong'aa juu kidogo ya mkanda (ule ukingo unaozunguka ganda karibu na kitako). Ni dalili ya baruti kuzidi?

Chembe_za_Vijiti

Mkuu, naanza na swali la 4 kwa sababu ndilo linaloweza kukutoa jicho. Usijaze H1000 nusu ya ganda. Wala H4831, wala baruti yoyote ya polepole.

Baruti ya aina hii haiungui vizuri mpaka ibanwe na presha. Ikilala chini ndani ya ganda lililo nusu tupu, mwali wa fataki hupita juu yake na kuiwasha kwa kusuasua. Kichwa kinasukumwa hadi kwenye mifereji na kukwama pale. Ndipo baruti iliyobaki inashika moto yote kwa pamoja, nyuma ya kichwa kilichosimama. Hayo ndiyo maelezo yanayotolewa mara nyingi. Na hata wanaobishana kuhusu chanzo hawabishani kuhusu matokeo, maana bunduki zimepasuka kwa kipimo ambacho kwenye karatasi kilionekana cha upole. Kiwango cha kuanzia kilichochapishwa kwenye kitabu cha baruti ya polepole ni sakafu. Usishuke chini yake.

Kwa risasi laini, tumia baruti inayokubali kupunguzwa. Hodgdon wenyewe wamechapisha kanuni ya H4895: chukua kiwango cha juu cha H4895 walichochapisha kwa aina ya risasi yako na uzito wa kichwa chako, zidisha kwa 0.60, na hapo ndipo chini kabisa unapoweza kufika. Kanuni hiyo ni ya H4895 peke yake. Usiihamishie kwenye kopo lingine kwa sababu tu jina linafanana.

Ukienda njia hiyo kuna mtego mmoja. Ganda litakuwa na nafasi kubwa tupu, kwa hiyo ukijaza mara mbili kwa bahati mbaya hutaliona likifurika. Jaza maganda 50 kwenye ubao, kisha pita na tochi ukitazama ndani ya kila moja kabla ya kukandamiza kichwa hata kimoja.

Swali la 2. Hapana, si kitu kimoja. IMR 4831 inaungua haraka kuliko H4831. Ukichukua kipimo cha juu cha H4831 ukakijaza kwa IMR 4831, umevuka presha. Mkanganyiko huu ni wa zamani: 4831 ya kwanza ilikuwa baruti ya ziada ya vita, ya mizinga midogo ya milimita 20, ambayo Bruce Hodgdon aliinunua na kuwauzia wajazaji. Baadaye namba hiyohiyo ikawekwa kwenye baruti ya kiwanda kingine. Herufi zilizo mbele ya namba ni sehemu ya jina. Hiyo SC inamaanisha tu kwamba vijiti vimekatwa vifupi ili vipite vizuri kwenye kipimio (chombo cha kumimina baruti kwa kiasi). Kasi yake ya kuungua ni ileile ya H4831.

Swali la 3 lina jibu refu kidogo, nitarudi. Kwa sasa: weka fataki iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kipimo unachofuata, usibuni.

Kiini_na_Koti

Nami nichukue la 1, maana watu wengi huanza na baruti ilhali ingefaa waanze na kichwa.

Jiulize kwanza kichwa kitampiga mnyama kikiwa na mwendo gani. Greini 180 kutoka bunduki kama yako hutoka kwa takriban futi 2,950 kwa sekunde (mita 900). Kichwa chenye ncha nzuri hupoteza kama futi 200 kwa kila yadi 100. Kwa hiyo mita 30 mnyama anapigwa kwa karibu futi 2,900, na mita 300 kwa karibu 2,300. Vichwa vingi vya kuwindia hufunguka hata kwa futi 1,800. Maana yake, katika umbali wako wote kutofunguka si tatizo. Tatizo ni kufunguka mno.

Kichwa cha kawaida kikigonga mfupa wa bega la pofu kwa futi 2,900, koti na kiini vinaachana. Unapata jeraha pana na fupi, nyama imeharibika, na mapafu hayajafikiwa. Kichwa hichohicho mita 250 kinafanya kazi safi. Hakina ubovu wowote, ila umekipa mwendo ambao hakikutengenezewa. John Nosler alikumbana na hili mwaka 1946 akiwinda kulungu mkubwa wa kaskazini kwa .300 H&H, na ndiyo sababu alibuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele inafunguka, ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kupenya.

Kwa bunduki yako ningepanga hivi. Kama wengi wa wanyama wako ni swala wa kilo 60 hadi 120 na unapiga nyuma ya bega kwa umbali wa mita 150 na kuendelea, kichwa cha kawaida kinatosha, na mara nyingi ndicho kinacholenga vizuri kwa bei ndogo. Pofu akiwemo, au ukijua utapiga karibu na kwa pembe, chagua kimoja kati ya vitatu: chenye ukuta wa katikati kama Nosler Partition, kilichounganishwa kiini na koti kama Swift A-Frame au AccuBond, au cha shaba tupu kama Barnes TTSX. Partition hupoteza sehemu ya mbele na kwa kawaida hubakiza theluthi mbili hivi za uzito. Shaba tupu hubakiza karibu uzito wote.

Sasa kuhusu kipimo kimoja kwa vichwa viwili. Hapana kabisa. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi: sentimita moja ya ujazo ina gramu 8.9, na ile ya madini ya risasi ina gramu 11.3. Ili kichwa cha shaba kifike greini 180 lazima kiwe kirefu zaidi. Urefu huo unaingia ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Tena sehemu inayosugua mtutu ni ndefu na ngumu kubana. Vyote hivyo vinapandisha presha kwa baruti ileile. Tumia data ya kichwa chenyewe, kutoka kwa mtengenezaji wake. Usipoipata, usijaze.

Na kwa shaba huhitaji 180. Kwa kuwa haipotezi uzito, shuka hadi 165 au 168. Itakwenda kasi zaidi, itakuwa fupi, na itaacha nafasi ya baruti. Wapo wanaoona greini 165 ni ndogo kwa pofu. Hao wanapima kichwa kabla hakijagonga, ilhali kinachopenya ni uzito unaobaki baada ya kugonga.

Mambo mawili madogo ya shaba tupu. Safisha mtutu hadi uondoe shaba yote ya vichwa vya awali kabla ya kujaribu kulenga, la sivyo utalaumu kichwa bure. Na usikiweke karibu na mifereji. Anza na nafasi ya inchi 0.050 (mm 1.27) kati ya kichwa na mwanzo wa mifereji. Kichwa cha shaba kinachogusa mifereji hupandisha presha ghafla, na pia vichwa vingi vya aina hii hulenga vizuri zaidi vikiruka nafasi kidogo.

Chembe_za_Vijiti

Nimerudi na baruti.

Kwa nini magnum inataka baruti ya polepole? Ganda ni kubwa, tundu la mtutu ni dogo. Ukiweka baruti ya haraka, gesi nyingi inazalishwa wakati kichwa hakijasogea hata inchi mbili, presha inafika kileleni mapema, na unalazimika kupunguza baruti hadi mwendo unakuwa wa bunduki ya kawaida. Baruti ya polepole inaendelea kusukuma kichwa kikiwa kinakimbia ndani ya mtutu. Kwa hiyo kichwa kikiwa kizito zaidi, baruti iwe ya polepole zaidi.

Kwa .300 Win Mag ramani ni hii kwa ufupi. Greini 150 hukubaliana na baruti za kundi la 4350. Greini 165 hadi 180 ni uwanja wa IMR 4831, H4831, Reloder 22 na IMR 7828. Greini 200 na kwenda juu, H1000 na Retumbo zinaanza kung'aa. H1000 inafanya kazi na 180 pia, ila ganda litajaa hadi shingoni na bado mwendo unaweza usizidi wa H4831SC. Kwa makopo yako matatu ningechukua H4831SC kwa vichwa vya 165 hadi 180, nikaitunza H1000 kwa siku utakayonunua vya 200.

Kuna kigezo ambacho wengi hukiruka: ganda limejaa kiasi gani. Tafuta kipimo kinachojaza asilimia 95 hadi 100 ya nafasi iliyo chini ya kichwa. Baruti haitembei ndani, fataki inaiwasha sawasawa kila mara, na tofauti ya mwendo kati ya risasi na risasi inapungua. Ikizidi 100 unaikandamiza. Kidogo si vibaya kama kitabu kimeandika kwamba kipimo hicho hukandamizwa. Ukizidisha, vijiti vinavunjika au kichwa kinasukumwa kutoka taratibu usiku kucha, na asubuhi risasi ina urefu mwingine. Ipime tena baada ya siku moja. Mimina baruti taratibu kupitia bomba refu la funeli, italala vizuri na utapata nafasi bila kukandamiza.

La pili ni joto. H4831SC, H1000 na Retumbo zimetengenezwa zisibadilike sana na joto. Reloder 22 ni nzuri kwa mwendo, lakini ina nitrogliserini na inahisi joto zaidi. Kipimo cha juu kilichopatikana asubuhi ya baridi kinaweza kukaza bolti mchana wenye jua kali, hasa kama risasi zilikaa juu ya dashibodi ya gari. Ukitumia baruti ya namna hiyo, tafuta kipimo chako siku yenye joto kama lile utakalowindia.

Hatua zenyewe. Anza na kiwango cha kuanzia kilichochapishwa. Panda kwa takriban asilimia 1 ya kipimo, yaani greini 0.7 hivi kwa ganda la ukubwa huu. Jaza risasi tatu kwa kila hatua. Piga kuanzia chini kwenda juu, kagua kila ganda kabla ya kwenda hatua inayofuata, na ukiona dalili ya presha simama hapo, hata kama kitabu bado kina greini mbili juu. Zilizobaki zivunje nyumbani.

Fataki: Federal 215 ilitengenezwa kwa ajili ya magnum kubwa za Weatherby, ambazo fataki za kawaida zilishindwa kuwasha vizuri. Kwa ganda lenye zaidi ya greini 65 au 70 za baruti ya polepole, fataki ya magnum ni ya maana, hasa kwa baruti ya chembe za mviringo na kwenye baridi kali. Lakini fataki za magnum za watengenezaji tofauti hazina nguvu sawa. Ukibadilisha aina, shusha kipimo hadi mwanzo na upande upya. Vivyo hivyo ukibadilisha ganda la mtengenezaji mwingine, maana ganda zito lina nafasi ndogo ndani.

Mkanda300

Ahsanteni sana wakuu. Ya nusu ganda nimeifuta kabisa.

Swali la nyongeza: nina kronografu (kifaa cha kupima mwendo wa kichwa). Kitabu kinasema kipimo cha juu cha kichwa hiki kinatoa futi 2,950, mtutu wa majaribio inchi 24. Nikiona 3,080 kabla ya kufika kipimo cha juu, ganda likiwa halina alama yoyote, nifurahi au niogope?

Mizani_Kwanza

Ogopa. Mwendo hauji bure.

Piga hesabu. Mtutu wako una inchi 2 zaidi, kila inchi katika magnum hii ina thamani ya futi 25 hivi, kwa hiyo tegemea 3,000. Ukiona 3,080 umezidi kwa futi 80, na kwa baruti ileile na kichwa kilekile hakuna pengine zinapotoka ila kwenye presha. Chemba yako inaweza kuwa finyu, mifereji inaweza kuanzia karibu, mizani inaweza kukosea. Sababu yoyote iwayo, kiwango chako cha juu kimefika. Rudi hadi unapopata 2,980 au 3,000 na ufunge daftari.

Ukitaka kuwa na uhakika kwamba kronografu haidanganyi, piga risasi tatu za kiwandani kwanza, uone kama zinakaribia mwendo ulioandikwa kwenye boksi. Ya aina ya macho mawili ikiwekwa karibu mno, mlipuko wa mdomo wa mtutu huichanganya. Iweke mita 4 hadi 5 mbele.

"Ganda halina alama yoyote" si hoja. Alama kwenye ganda huchelewa. .300 Winchester Magnum imepangiwa kikomo cha presha cha psi 64,000 (pauni kwa inchi ya mraba). Fataki inaweza kuonekana ya duara nzuri wakati umeshavuka huko, na nyingine ikabapa kwa kipimo cha chini kwa sababu tu ganda lilisukumwa nyuma sana kwenye dai. Dalili zinazosema kweli ni hizi: bolti kuwa nzito kunyanyua, alama ya duara inayong'aa kitakoni mahali penye tundu la kipini cha kusukumia ganda, na tundu la fataki kulegea. Ukikandamiza fataki mpya ikaingia bila kupinga, ganda hilo limeisha, na kipimo kilicholiharibu kilikuwa kikubwa mno. Tundu likilegea ndani ya kujaza mara mbili au tatu, shusha angalau greini 2.

Na mizani zenyewe: nunua mawe ya kupimia yenye uzito unaojulikana, moja likaribiane na kipimo chako. Lipime mwanzo, katikati na mwisho wa kazi. Mizani ya umeme huhama ikipigwa na upepo wa feni, ikiwa karibu na simu, au ikiwa haijapata moto. Iwashe nusu saa kabla.

Bega_na_Shingo

Swali la 5 halijaguswa, na ndilo linalokula pesa.

Mkuu, mstari huo huenda hauhusiani na baruti kuzidi. Ganda lako linanyooka na kukatika. Mkanda wa magnum ulirithiwa kutoka .375 H&H ya mwaka 1912, ambayo bega lake (pale ganda linapopungua kuelekea shingoni) limelala mno kiasi kwamba haliwezi kushikilia ganda mahali pake, hivyo mkanda ukapewa kazi hiyo. .300 Win Mag ya mwaka 1963 ina bega zuri la kutosha, lakini mkanda ukaendelea kuwepo. Chemba nyingi zimechongwa kwa kufuata mkanda, na bega likaachiwa nafasi ya ziada. Risasi ikilipuka, mbele ya ganda inashika ukuta wa chemba, kitako kinarudi nyuma hadi kwenye bolti, na ukuta wa ganda unanyooka juu tu ya mkanda. Halafu wewe unalirudisha bega nyuma kwa dai, na safari inayofuata linanyooka tena. Safari ya nne au ya tano ganda linakatika vipande viwili ndani ya chemba.

Kagua hivi. Chukua waya mwembamba, kunja ncha yake kidogo kama ndoana, ipitishe ndani ya ganda hadi chini, kisha ivute juu ukikwaruza ukuta. Ukihisi ncha inaingia kwenye mfereji juu ya mkanda, tupa ganda hilo. Usingoje mstari uonekane nje.

Tiba ni kuacha kufuata maelekezo ya dai yanayosema ikaze hadi iguse kishikio cha ganda. Fungua dai mzunguko mzima. Toa kipini cha kupigia na kisukuma ganda kwenye bolti ili mkono wako uhisi vizuri. Pitisha ganda lililokwishapigwa kwenye bunduki hiyohiyo, lijaribu kwenye chemba. Bolti ikikataa kufunga, kaza dai kidogo, rudia. Uzi wa dai una mizunguko 14 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mzima ni inchi 0.071, na thumni ya mzunguko ni inchi 0.009, ambayo tayari ni kubwa mno. Ukikaribia, kaza kwa sehemu moja ya thelathini na mbili ya mzunguko: inchi 0.002 (mm 0.05). Pale bolti inaposhuka kwa upinzani kidogo tu, ongeza hatua moja na ufunge nati. Kwa bunduki ya kuwindia nataka bolti ifunge bila kuomba. Kuanzia hapo ganda linashikiliwa na bega, na mkanda unabaki pambo.

Ganda jipya huwezi kuliokoa katika mlipuko wake wa kwanza, na huo ndio unaolinyoosha zaidi ya yote. Kwa hiyo ukiliharibu na dai safari ya pili, umeshalimaliza.

Pima pia urefu. Kikomo ni inchi 2.620, kata hadi 2.610. Magnum hukua haraka, na shingo ikiwa ndefu kupita chemba inabanwa juu ya kichwa kama kidole kwenye mlango. Presha inapanda bila wewe kuongeza hata punje ya baruti.

Kiboko_375

Nachomekea jambo la mateke. Shingo ya .300 Win Mag ni fupi, inchi 0.264 (mm 6.7), fupi kuliko unene wa kichwa chenyewe. Risasi zilizo kwenye magazini hujigonga mbele kila ukipiga, na kichwa kirefu chenye shingo fupi kinaweza kurudi ndani. Shingo iwe finyu kuliko kichwa kwa inchi 0.002 na itatosha. Jaribu: jaza magazini, piga risasi za juu, pima urefu wa ile ya chini kabla na baada. Ikibadilika, tatizo unalo.

Kwangu kwenye .375 hilo halina mjadala. Kichwa kiwe na mfuo wa kuzunguka, na mdomo wa ganda ukunjwe ndani ya mfuo huo. Kunja katika hatua ya pekee, baada ya kichwa kukaa mahali pake, na maganda yote yawe na urefu mmoja, la sivyo mengine yatakunjwa kupita kiasi na bega litatokeza. Kichwa kisicho na mfuo usikikunjie.

Na msidanganywe na neno magnum. .375 H&H yenye kichwa cha greini 300 haitaki H1000. Tundu ni pana, gesi ina pa kwenda, na baruti za 4350 au Reloder 15 ndizo zinazofaa. Kinachoamua ni uwiano wa ganda na tundu.

Kiini_na_Koti

@Kiboko_375 ni kweli. Ila urefu wa risasi kwa .300 uangaliwe kwa jicho lingine. Kikomo cha kitabu ni inchi 3.340 (mm 84.8), na magazini nyingi zimekatwa kwa urefu huo. Ukikandamiza kichwa ndani ili kiingie kwenye magazini, unapunguza nafasi ya baruti. Ukikitoa nje ili kikaribie mifereji, presha inapanda kwa sababu nyingine. Usipime kwa ncha ya kichwa, ncha za plastiki na za madini ya risasi hutofautiana. Pima kwa kifaa kinachoshika pale kichwa kinapoanza kufikia unene wake kamili.

Mkanda300

Nimekagua kwa waya: maganda 11 kati ya 40 yana mfereji. Nimeyaponda kwa koleo yasije yakachanganyika. Dai nimeiweka upya, bolti inafunga vizuri. Nimeagiza vya shaba greini 165, nitaanza na H4831SC kwa data ya mtengenezaji wa kichwa.

Moja la mwisho: kopo la IMR 4831 lilishafunguliwa siku nyingi, nalo lina harufu. Linafaa bado?

Chembe_za_Vijiti

Baruti nzima inanusa kama etha au spiriti. Ikinusa ukali wa asidi, ukaona vumbi jekundu kama kutu likipanda unapolitikisa, au ndani ya mfuniko kumeliwa na kutu, imeoza. Usiijaze wala usiihifadhi, inajizalishia joto. Imwage nyembamba juu ya udongo ulio wazi mbali na nyumba.

Kama inanusa vizuri, iache ndani ya kopo lake lenye jina, na isikae mezani siku unayopima H4831SC. Kopo moja tu mezani. Ukimaliza, kilichobaki kwenye kipimio kirudishe humo humo kabla hujafungua lingine. Kilicholala kwenye kipimio usiku kucha na huna uhakika ni kipi, kimwage.